Naomba ushauri: maneno 24 ya pochi ya bitcoin niyaweke wapi?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Wete. Bitcoin zangu nimezihamishia kwenye Ledger, kile kifaa kidogo cha kutunzia funguo za bitcoin mwenyewe, maana yaliyowafika wateja wa Mt. Gox, soko la bitcoin lililofilisika mwaka 2014 na bitcoin zao kupotea, hayajanitoka kichwani. Akaunti yangu ya soko la bitcoin mtandaoni nayo haitegemei tena namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji. Laini mtu huweza kuisajili upya akazipokea yeye.

Kinachoninyima usingizi ni yale maneno 24 ya kurejeshea pochi kifaa kikipotea. Atakayeyapata hahitaji kifaa wala namba ya siri, anazichota bitcoin zangu akiwa popote. Nimeyaandika kwenye karatasi, na nyumba yetu masika ukungu unaingia hadi ndani ya kabati. Kuyapiga picha sitaki kabisa. Yupo fundi anayeweza kunigongea kwenye kipande cha chuma cha pua, lakini si atayasoma?

Na mirathi je? Mke wangu na watoto wana haki yao nikifa. Nikimpa kaka maneno 12 na mke 12, nusu moja ikipotea wamekosa wote. Nimesikia pia habari ya kuongeza neno la 25, la kutunga mwenyewe, likae mbali na mengine, ili mwenye yale 24 peke yake asizifikie. Wenye uzoefu, nyinyi mmefanyaje?