Mrejesho: Balbu za LED kwenye holda za pini

Nawashukuru kwa dhati ndugu zangu mlionijibu nilipouliza ni balbu gani za LED zinazofaa kuchukua nafasi ya zile za zamani za wati 60. Nilifuata ushauri wa kutazama lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, badala ya wati, ambazo ni kipimo cha umeme unaotumika, nikanunua za wati 9 zenye lumeni 806 na kitako cha B22, kile chenye pini mbili ubavuni, na sebuleni mwanga ni uleule wa manjano wa kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), jambo lililonifurahisha kuliko yote. Koridoni bado hapajatengemaa: swichi yenye kitaa chekundu hupitisha umeme kidogo, hivyo balbu hubaki ikiwaka hafifu hata ikizimwa, fundi ataweka swichi isiyo na kitaa.