Binti yangu anaingia kidato cha tatu: je, kozi za mtandaoni zinaweza kuziba pengo la shule?

Mama wa Arua

Salaam ndugu zangu wazazi na walimu. Binti yangu anamaliza kidato cha pili katika shule ya bweni huku West Nile, na shule imetutaka turudishe fomu ya masomo ya hiari kabla ya muhula kufungwa. Anapenda kompyuta kwa dhati, lakini mwalimu wa TEHAMA aliondoka mwaka jana na hadi leo hajapatikana mwingine. Mjomba wake aliyeko Marekani amejitolea kumlipia kozi mbili katika sekondari ya mtandaoni ya huko: moja ya kompyuta, nyingine ya hisabati, somo ambalo limemsumbua tangu kidato cha kwanza. Nyumbani tuna kompyuta moja. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo kozi yoyote angeifanya wakati wa likizo tu. Je, kozi hizo zinaweza kushika nafasi ya somo ambalo shule haina mwalimu wake, au nitakuwa nimemtwika mtoto mzigo ambao UNEB, Baraza la Mitihani la Uganda, haitautambua?

Mwalimu wa Hisabati, Masindi

Mama, vizuri umeuliza kabla ya kurudisha fomu. Kushika nafasi ya somo la shule, haziwezi. Katika mtaala ulioanza 2020, mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne ana masomo saba ya lazima, yaani Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia pamoja na Elimu ya Siasa, kisha huongeza moja au mawili ya hiari. Katika kila somo, asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini endelevu, ambayo walimu wake huikusanya darasani na shule ikaipeleka UNEB. Asilimia 80 inayobaki ndiyo ya mtihani wa mwisho. Kozi ya ng'ambo, hata ifundishwe vizuri kiasi gani, haina mtu wa kumwandikia alama hizo, na mtahiniwa anayezikosa hatimizi masharti ya kupewa cheti. Kwa hiyo, mzazi anapoletewa kozi yoyote, mimi humwomba aulize kwanza alama zake zitaandikwa na nani na zitapelekwa wapi.

Kwenye fomu, mwache binti achague somo lenye mwalimu aliyepo shuleni. Najua hilo litamuumiza kwa kuwa anapenda kompyuta, lakini mlango haujafungwa: Hisabati na sayansi zote tatu ni za lazima, kwa hiyo bado anaweza kufika kidato cha tano akiwa na msingi wa kuchukua mchepuo wa Fizikia na Hisabati, na TEHAMA ipo tena katika ngazi hiyo kama somo la ziada. Kompyuta ajifunze likizo kwa ajili ya ujuzi wenyewe. Ujuzi huo utamfaa hata kama hauonekani kwenye cheti cha UCE, yaani cha kidato cha nne.

Kuhusu hisabati nina neno refu kidogo, maana hapo ndipo nimeona wazazi wengi wakipoteza fedha. Sekondari za Marekani kwa kawaida hugawa hisabati kwa vipande: mwaka mmoja ni aljebra, mwaka unaofuata jiometri, kisha aljebra ya juu zaidi. Sisi huchanganya yote kila mwaka, hata mtoto wa kidato cha pili akawa amegusa seti, vekta, takwimu na jiometri kwa pamoja. Ukimwandikisha kozi kwa kulinganisha umri au jina la darasa, atasoma miezi kadhaa mambo ambayo kwetu amekwisha kuyapita, huku yale yanayomkwamisha yakibaki pale pale. Chukua daftari lake na karatasi za majaribio ya mwaka huu, tafuteni pamoja mada tatu au nne anazoanguka, kisha atafute mafunzo ya mada hizo tu. Tovuti ya masomo ya Khan Academy inatosha kwa kazi hiyo na haina ada. Mkipata mtu mwenye intaneti nzuri mjini, mwombeni awapakulie masomo kwa programu ya Kolibri, ambayo ilitengenezwa makusudi kwa mahali pasipo na mtandao. Baada ya hapo binti atasoma nyumbani bila kununua bando.

Baba wa Wawili, Kasese

Ninaunga mkono aliyoyasema Mwalimu, na ninaongeza jambo la saa. Mwaka juzi nilimlipia kijana wangu kozi ya ng'ambo yenye vipindi vya moja kwa moja, bila kuuliza ratiba. Kipindi kilichoanza saa tisa alasiri New York kilitufikia saa nne usiku, na majira yao yalipobadilika kikawa saa tano. Mtoto alikuwa akisinzia mbele ya kompyuta, na asubuhi hakukumbuka lolote. Bando nalo, ambalo kodi yake ya asilimia 12 tunailipa tangu Julai 2021, liliisha katikati ya wiki kwa sababu video ya moja kwa moja hula data nyingi kuliko iliyopakuliwa. Nilipoomba kurudishiwa sehemu ya ada, nilionyeshwa sharti ambalo sikulisoma. Mwambie mjomba aombe kwa maandishi majibu ya mambo mawili: kama vipindi vinarekodiwa, na kama ada hurudishwa mwanafunzi akiacha mapema.

Mhitimu wa Bombo

Mama yangu, mimi nilikuwa kidato cha pili shule zilipofungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Nilijaribu kusoma masomo sita kwa simu ya kaka yangu nikashindwa yote. Nilipobakiza moja, Kemia, nikawa na daftari lake na saa yake maalumu baada ya alasiri, nilifika mbali. Kozi mbili kwa likizo ya wiki chache ni nyingi mno.

Tena naomba uulize kama shule ina mwalimu wa Kiswahili. Somo hili ni la lazima kidato cha kwanza na cha pili, halafu huwa la hiari, na wanafunzi wengi huliacha hapo. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani ana mahali pa kuanzia, ingawa asidhani kuzungumza kunatosha: ngeli na fasihi huhitaji kusomwa kama somo lingine lolote. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na walimu wake bado hawatoshi. Mimi nililichagua na sijutii.

Mama wa Arua

Nawashukuru sana. Mwalimu wa Kiswahili yupo, na jana binti mwenyewe amekubali kuliandika pamoja na Kilimo. Hisabati tumeanza kuipitia daftari kwa daftari. Inaonekana tatizo ni hesabu za sehemu (kama nusu na robo) na uwiano, mambo ya nyuma kabisa. Mjomba ameelewa, lakini sasa anauliza kama si afadhali kumhamishia mtaala wa Uingereza, asome mtandaoni moja kwa moja.

Mwalimu wa Hisabati, Masindi

Hilo ni jambo kubwa kuliko kozi ya likizo, Mama. Mitihani ya IGCSE ya Cambridge, ile ya mtaala huo wa Uingereza inayolingana na kidato cha nne, haifanyiki nyumbani. Mtahiniwa wa kujitegemea lazima akubaliwe na kituo kilichosajiliwa na alipe kwa kila somo, na masomo yenye kazi zinazosahihishwa na mwalimu kwa kawaida hayampokei mtahiniwa asiye na shule. Katika sayansi upo mtihani wa karatasi unaoshika nafasi ya maabara, ila mtoto ambaye hajawahi kushika vifaa vya maabara huuona mgumu. Akitaka baadaye kuingia kidato cha tano katika shule ya kwetu, vyeti hivyo hupelekwa UNEB vikalinganishwe, na ulinganisho huo una ada na muda wake. Kabla mjomba hajatuma chochote, tafuteni kituo kilicho karibu nanyi, mkaulize kinapokea masomo gani kwa watahiniwa wa nje na katika msimu upi, ule wa Mei na Juni au wa Oktoba na Novemba. Kituo cha karibu kikiwa Kampala, hesabuni pia nauli na malazi ya wiki zote za mitihani.

Kuhusu sehemu na uwiano, mpe maswali kumi kila siku, asiyaruke hata Jumapili, na akikwama siku mbili kwenye jambo moja, liandike hapa nimwelekeze.