Naomba ushauri: historia ya uchaguzi, jimbo la 5 Minnesota

Habari zenu wakuu. Naandikia vijana wetu waliozaliwa huku Marekani historia ya jimbo la uchaguzi la 5 la Minnesota, yaani Minneapolis na vitongoji kadhaa. Nimekwama. Tangu Donald Fraser amng'oe Walter Judd wa Republican mwaka 1962, kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani kimebaki kwa Democrats: Fraser, Sabo, Ellison, kisha Ilhan Omar mwaka 2018. Jedwali langu la uchaguzi mkuu wa Novemba linaonyesha ushindi mnono tu, kumbe Agosti 2022 Omar aliponea chupuchupu katika kura za ndani ya chama za kuteua mgombea, asilimia 2 hivi mbele ya mpinzani wake Don Samuels! Nimejaribu kuongeza safu ya kura hizo, ikachanganya.

Je, kura za ndani ya chama nizipe jedwali lake? Na wasomaji wakiwa Wakenya na Watanzania, niziite mchujo au kura za maoni?