Mchezaji wangu anakijua kisa tunachocheza, nifanyeje?

Mshumaa_Mezani (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwenu mlioendesha michezo ya kuigiza wahusika kwa muda mrefu. Tahadhari: nitataja siri za Curse of Strahd, kisa cha Dungeons & Dragons kuhusu mnyonya damu Strahd na kasri lake, kwa hiyo anayetarajia kukicheza aishie hapa.

Ndicho ninachokiendesha sasa. Mchezaji mmoja alishakicheza na kundi jingine mpaka karibu na mwisho, na hakuniambia. Nimegundua kwenye ile nyumba ya mwanzo, Death House. Wameingia maktaba, sijamaliza hata kueleza rafu zilivyo, yeye akasema: "Navuta kile kitabu chekundu kisicho na maandishi mgongoni." Nilikuwa sijataja kitabu chochote chekundu! Mlango wa siri ukafunguka, wengine wakashangilia.

Kinachoniuma si mlango. Tuna mchezaji mgeni kabisa anayeandika kila kitu kwenye daftari. Alikuwa ameshaanza kuuliza rafu ipi ina vumbi kidogo kuliko nyingine. Alinyamaza, na hakuuliza tena kitu usiku ule. Huko mbele kuna kinu cha upepo na yule bibi muuza vitafunwa vyenye siri mbaya, kuna kasri lenyewe. Nimtoe? Nibadilishe kisa? Tuanze kingine?

DaduLaMfupa

Mkuu, kabla ya kubadilisha chochote, zungumza naye pembeni, si mbele ya wenzake. Muulize anakumbuka nini na anataka nini. Wengi hurudia kisa kwa sababu walikipenda, si kwa nia mbaya. Hapo utajua kama unashughulika na mtu anayetaka kushinda au mtu aliyeshindwa tu kuzuia furaha yake. Dawa zake hazifanani.

Nahodha wa Karatasi

Habari njema ni kwamba hicho kisa kina kinga ndani yake. Madam Eva, mtabiri wa kwenye kisa, anapopiga ramli kwa karata za Tarokka, ndizo zinazoamua upanga uko wapi, kitabu cha Strahd kiko wapi, alama takatifu iko wapi, nani atawasaidia, na Strahd mwenyewe atakutwa chumba gani. Hata Ravenloft ya mwaka 1983, ambayo ndiyo asili yake, ilikuwa na ramli hiyo. Kwa hiyo usipange karata mapema ukachagua matokeo unayoyapenda. Zichanganye mezani, wote wakiona. Aliyecheza mara ya kwanza anajua kasri lina vyumba gani, lakini hajui safari hii upanga umelala wapi.

Ukimaliza hiki, angalia Waterdeep: Dragon Heist. Mle unachagua adui mkuu mmoja kati ya wanne, na uchaguzi huo unabadilisha hata majira ya mwaka.

MlinziWaLango

Mimi ningeweka sumu kwenye hicho kitabu chekundu. Akivuta, ajifunze.

Bi Ramani

@MlinziWaLango sikubaliani kabisa. Sumu ikimuua mhusika wake, wenzake wanaona mtu ameadhibiwa kwa kosa wasilolijua. Halafu yule wa daftari anajifunza nini? Kwamba kuchunguza vitu ni hatari. Ndiye tunayejaribu kumlinda!

Tutofautishe pia aina ya mchezo. Tomb of Horrors, kisa cha zamani cha mitego, iliendeshwa kwenye mashindano mwaka 1975, na ilikuwa kipimo cha akili za wachezaji wenyewe. Makundi yakishindana, mwenye majibu mapema amewaibia wengine. Nyumbani hakuna kikombe. Kinachoibwa ni nafasi ya mwenzako kugundua kitu kwa mara ya kwanza, na nafasi hiyo hairudi.

Pili_wa_Pili

Naongea kama mchezaji aliyewahi kurudia kisa. Ukiambiwa "jifanye hujui" unabaki njia panda kila dakika. Bibi akileta vitafunwa, nikikataa nimetumia siri. Nikila, nimekula kwa kujilazimisha, maana mhusika wangu ni mtu wa kushuku kila kitu na huenda angekataa hata bila mimi kujua. Hakuna jibu safi hapo.

Mimi na mwendesha mchezo wetu tulikubaliana hivi: penye siri ninayoijua, mwingine anaamua na mhusika wangu anafuata. Wakinigeukia kuniuliza, narusha dadu. Nguvu zangu nikazihamishia kwenye kuigiza: hofu ya mhusika, ugomvi wake na kasisi, ahadi alizotoa. Kujua mwisho hakuharibu hayo hata kidogo.

Bi Ramani

@Pili_wa_Pili hapo umenena. Na mleta uzi, usimtoe mtu kabla hujampa nafasi hiyo.

Mshumaa_Mezani

Ahsanteni sana wakuu. Nimeongea naye. Anasema aliona kundi limekwama akataka kulisukuma mbele, na hakujua kama mwenzake alikuwa karibu kupata jibu mwenyewe. Amekubali utaratibu wa Pili. Ramli tutapiga upya, karata zikichanganywa na yule wa daftari. Kinu nakiacha kama kilivyo kitabuni. Bibi akigonga mlango, yeye wa daftari ndiye atakayemfungulia. Baada ya kikao nitaleta mrejesho.