Naomba ushauri: dadu za chuma au za resini kwa mtu anaekaa Lamu?

AmuKwetu:
Assalam aleikum wakubwa. Nataka ushauri wa haraka manake kuna jamaa yangu anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi na amekubali kunibebea mzigo mdogo. Hapa Lamu tuna kikundi chetu, tunacheza ile michezo ya hadithi ya mezani, mmoja anasimulia na wengine kila mtu na mhusika wake. Mushkili ni kwamba seti ya dadu ni moja tu, inazunguka watu watano, tukifika kwenye vita ni kungojeana mpaka hamu inaisha. Sasa nimeona picha za dadu za chuma rangi ya shaba nzee, nambari zimechongwa zikatiwa nyekundu, wallahi roho imezitaka. Bajeti elfu nane. Nichukue seti moja ya chuma ya maana na kisanduku chake ama seti kadhaa za resini, zile kama plastiki za kumiminwa? Na hii hewa yetu ya bahari zitastahimili kweli? Pia nataka kitu cha kurushia ndani, sababu tunacheza barazani na mbele yetu ni mtaro, mshafahamu.

PwaniDadu:
Waleikum salam. Niko Malindi na chuma ninazo. Nyingi zinazouzwa ni zinki iliochanganywa na madini mengine, halafu juu imepakwa rangi ya dhahabu au shaba. Ule mpako ukichubuka pembeni, na utachubuka kwa vile zinagongana zenyewe kwa zenyewe, hewa ya chumvi inaingia hapo na unaanza kuona unga mweupe. Za shaba tupu nazo zinafubaa na kufanya kijani, ingawa hizo ukizisugua zinarudi. Ukizinunua zipanguse jasho la mikono kila mkimaliza kucheza, weka kwenye kisanduku kinachofunga sawasawa pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, usivitupe vile. Lakini kama watu watano wanagawana seti moja mimi ningenunua resini ama akriliki (plastiki ngumu) seti tano kwanza. Chuma ni ya kuangalia, bwana.

Mzee_wa_Keram:
Kwani hii si kamari? Nauliza tu. Bi mkubwa wangu akiona dadu nyumbani hakulaliki.

AmuKwetu:
@Mzee_wa_Keram hakuna pesa hata shilingi, dadu ni ya kujua tu kama mhusika wako ameruka ukuta au ameanguka. Lakini hilo tumeambiwa, kuna wanaosema dadu yenyewe hata bila pesa haifai, kila mmoja wetu amemuuliza shehe wake na mmoja akajitoa, hatukumlaumu.

MwanaMkomani:
Kabla hujamtuma mtu muandikie hivi, asije akakuletea za ludo. Seti kamili ni dadu saba: ya pande 4, 6, 8, 12, 20, na mbili za pande 10. Hizo za kumi moja ina 0 mpaka 9 na nyengine 00, 10, 20 mpaka 90, ukizirusha pamoja unapata namba yoyote ya 1 mpaka mia, na 00 ikija na 0 hiyo ndo mia yenyewe. Ya pande 20 ndo itakayofanya kazi usiku kucha kwa hiyo iwe inasomeka. Hapa ndo watu wanaponunua kwa macho, resini ya vumbi la kumeta na nambari za fedha, uzuri wake usiseme, halafu stima ikipotea mnacheza na tochi ya simu kila mtu anauliza hii ni 6 au 9. Chukua rangi moja iliokoza na nambari nyeupe. Na aangalie ile ya 20, namba 20 na namba 1 ziwe zinatazamana, pande mbili zinazotazamana zinajumlisha 21. Akikuta 20 imepakana na 19, 19 imepakana na 18, zinafuatana hivo, aiache. Hiyo ni ya kuhesabia uhai kwenye michezo ya kadi, si ya kurushia.

Ngalawa_Ngomeni:
Afu za resini zina mapovu ya hewa ndani wakati mwengine, upande mmoja unakuwa mwepesi. Pima hivi: maji ya vuguvugu kwenye gilasi, tia chumvi ukoroge mpaka dadu ielee, ipige kidole izunguke, ikitulia na namba ile ile juu kila mara hiyo haina haki. Usidhani maji ya bahari yatatosha, hayatoshi hata kidogo, ni chumvi nyingi mno (huku kwetu ipo tele, mashamba ya chumvi ya Gongoni si mbali). Akriliki ni nzito kidogo inaelea kwa taabu, na kuna nyengine hazielei abadan. Chuma usijisumbue. Ukimaliza suuza na maji matamu.

PwaniDadu:
Ukweli lakini dadu yenye kapovu kadogo hutaijua tofauti mezani. Kila upande wa ile ya 20 ni asilimia 5, utarusha usiku mzima na bado huna ushahidi wa kitu. Watu wanailaumu dadu kwa bahati yao tu.

Kipande_Adimu:
Mimi nakusanya, na nasema kama unataka kitu cha kipekee si umpe fundi akuchongee za pembe ya ndovu au za gamba la ng'amba, yule kasa, wazee walikuwa nazo vitu vya ng'amba majumbani. Hiyo ndo Lamu yenyewe.

BintiShela:
@Kipande_Adimu usimtie mwenzio jela. Ng'amba analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na pembe za ndovu biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1989. Hata ukipewa bure na bibi usipande nayo ndege.

@AmuKwetu sasa nisikilize. Kisanduku na trei usiagize Dubai, utakuwa unalipia mbao za kubandika na wewe umekaa kwenye mji wa mafundi. Trei nenda kwa seremala yeyote pale mjini, vipande vya mbambakofi vinavyobaki kwenye milango anavyo, ukuta wa vidole vitatu kimo ili dadu isiruke ikaingia mtaroni, chini gundisha ngozi. Ngozi tafuta kwa watu wa Siyu, kazi ya ngozi ni yao toka zamani, na inazima ule mlio. Ukija kununua chuma siku moja hiyo trei ndo itakayookoa meza ya watu. Mbao iwe imekauka sana, ikipata unyevu mfuniko haufungi tena.

AmuKwetu:
Nimewaelewa. Basi seti tano za akriliki, kila mtu rangi yake, pesa inayobaki trei na kisanduku. Ya chuma nitanunua kwenye Idi nikijaaliwa 😅. Fundi nimempata Langoni ila ananiuliza vishimo vya kisanduku viwe na ukubwa gani?

MwanaMkomani:
Ya pande 6 ya kawaida ni milimita 16, ya 20 ni kama milimita 20. Mwambie aache nafasi kidogo ya kidole. Na ile ya pande 4 usimpe vipimo kwa mdomo, ngoja zifike umpelekee mkononi, imechongoka hiyo.