Tupeane uzoefu: mafunzo ya homa ya ini yalibadilisha nini kazini kwako?

SistaWaLeba
Wadau wa afya hapa Nairobi, habari zenu. Wiki iliyopita nilikuwa semina ya siku mbili ya homa ya ini, yaani hepatitis, B na C, na kuna swali moja limekataa kunitoka kichwani. Mkufunzi kabla hata hajaanza alisema anyooshe mkono mtu amemaliza dozi zote tatu za chanjo ya B. Tulikuwa kama thelathini, manesi, makliniko (clinical officers), watu wa maabara, na mikono haikufika kumi. Na sisi ndio tunadunga watoto hiyo chanjo kila asubuhi, imo ndani ya pentavalenti, ile sindano ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, iko Kenya tangu 2001, lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo ilitupita na hakuna mtu alitufuata.

Akaandika kwa ubao, ukidungwa na sindano imetoka kwa mgonjwa na wewe hauna kinga, HIV inashika watu kama 3 kwa 1000, homa ya ini C kama 2 kwa 100, B inaweza kufika 30 kwa 100. Mwili ulinisisimka. Mimi nilijidunga 2016 leba nikishona mama saa tisa usiku, nikakimbia kutafuta PEP, dawa za kuzuia HIV, nikameza siku 28 bila kuruka hata moja, na hakuna mtu alipima yule mama homa ya ini, hakuna aliniuliza kama nimechanjwa, na mimi pia sikuuliza. Ilipita miaka sita ndio nikapimwa. Namshukuru Mungu sikuwa nayo. Nikadungwa zote tatu, nikangoja kama wiki sita baada ya ile ya mwisho nikapimwa kama kinga imeshika, ikatoka juu ya 10, hiyo ndio inatakikana. Kwa hivyo mkono wangu ulikuwa kati ya ile michache, lakini niliuinua na uchungu.

Sasa hebu tupeane uzoefu. Ulifundishwa nini, mahali popote na mtu yeyote, na kesho yake ukifika kazini ukafanya tofauti?

ZamuYaUsiku
Sista mimi si nesi, niko usafi, hospitali ya praiveti huku Eastlands ambayo sitaitaja, na tumeandikwa na kampuni si hospitali. Siku ya mafunzo nyinyi mlikuwa holi na sisi tulikuwa koridoo tunapiga deki. Mwaka jana nilibeba mfuko mweusi wa takataka za kawaida, huo haufai kuwa na kitu kikali ndani, sindano ikatoboa ikanichoma paja. Nikaambia supavaisa akasema nipake spiriti nirudi wodi ya pili haijaoshwa. Nikapaka nikarudi.

Miezi imepita kuna sista wa zamu yetu alitoka semina kama hiyo yako, akatuita sisi wanne wa usafi kwa kachumba ka kubadilisha nguo saa moja jioni kabla ya zamu, akaleta sefti boksi tupu, ile ya kutupia sindano, akaiweka katikati. Akatuambia ikifika robo tatu inafungwa, haishindiliwi. Akatuambia kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi kwa damu iliyokauka kwa meza ama sakafu siku 7 nzima, kwa hivyo damu haipanguswi tu na mopu halafu unaenda, unamwagia dawa ya klorini unaipa muda ikae ndio unapangusa. Na ukidungwa, osha na sabuni na maji yanayotiririka, usifinye damu itoke, halafu ripoti saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, kwa sababu kuna dawa ya kinga na chanjo za kukupatia na zinafanya kazi vizuri zikianza mapema, ndani ya masaa 24. Nimeosha hospitali miaka tisa. Hiyo jioni ndio mara ya kwanza mtu kuniambia hicho kitu kinaitwaje.

Alituandika majina akapeleka kwa metroni, tukapimwa, wote wanne hatuna, tukaanza chanjo. Nimeshadungwa mbili.

SistaWaLeba
Nimesoma hii yako mara mbili. Pole sana kwa ile sindano. Na nimekumbuka kwa semina yetu hakukuwa na mtu wa usafi hata mmoja, na ndio mnabeba kila kitu sisi tunatupa.

KwaMaabara
Yangu ni karatasi ya majibu. Zamani nilikuwa napima HBsAg, kipimo cha homa ya ini B, naandika pozitivu, napatia mgonjwa mkononi kwa dirisha aende nayo. Mtu anasimama pale koridoo anagugo, anasoma kansa ya ini, anaenda nyumbani na hakuna mtu ameongea na yeye. Mafunzo yalinifunza kipimo kimoja hakimalizi stori, inafaa kurudiwa baada ya miezi 6 kujua kama imekaa ama mwili umeifukuza, na wakati huo huo kliniko anahitaji ALT na AST, vipimo vya ini, na plateleti, chembe za kugandisha damu, ndio ajue ini liko hali gani. Siku hizi pozitivu haipiti dirisha, naipeleka mwenyewe kwa daktari na namwambia mgonjwa anifuate.

Na ile hesabu ya APRI, ya kukadiria makovu ya ini, msiogope. AST ya mgonjwa gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yenu, gawanya tena kwa plateleti, zidisha kwa 100. Kalkuleta ya simu inatosha. WHO ilipotoa mwongozo mpya 2024 ilishusha mstari, ukipita 0.5 kwa mtu mzima mwenye B tayari unaongea mambo ya dawa, kwa hivyo wagonjwa wengi tuliokuwa tunawarudisha nyumbani eti bado, si bado.

MamaWaWatatu
Naweza kuandika kama mgonjwa? Samahani ni ndefu.

Mimi nilijua nikifanya medikali ya kwenda kazi Qatar. Waliniandikia siko fiti, wakanirudishia paspoti, basi. Nikaenda kliniki moja karibu na nyumbani, daktari akaniambia nina homa ya ini, niwe na sahani yangu, kikombe changu, kijiko changu, na watoto nisiwalishe. Nilikula peke yangu jikoni miezi mitatu. Mtoto wangu mdogo alikuwa ananyoosha mkono kwa sahani yangu nampiga huo mkono. Na mzee wa nyumba akaanza kuuliza hii kitu nilitoa wapi kwa sababu alisikia inaambukizwa kwa mapenzi. Ndoa ilibaki kamba moja.

Dada yangu ndio alinipeleka kwingine, nikapata kliniko kijana tu, aliniambia yeye mwenyewe ndio ametoka mafunzo mwezi huo. Akafunga mlango. Akasema, mama, sahani rudisha kabatini. Haiambukizwi kwa chakula wala kukumbatia, ni damu, ni mapenzi, ni mama kwa mtoto wakati wa kuzaa. Akaniuliza, mama yako ashawahi kupimwa? Nikashangaa mama yangu anaingilia wapi. Akanieleza mtoto mchanga akiipata wakati wa kuzaliwa, tisa kwa kumi hukaa nayo maisha yote, lakini mtu mzima akiipata wengi sana mwili huifukuza, wanaobaki nayo hawafiki mmoja kwa ishirini. Tukapeleka mama apimwe. Anayo. Ana miaka 68 na hajawahi kujua.

Kliniko akaomba nije na mzee wangu, akamweleza hayo maneno yote mbele yangu, polepole. Mzee hakuwa na kirusi, akaanzishiwa chanjo. Watoto wote watatu hawana, walidungwa pentavalenti wakiwa wadogo. Mimi sasa kila miezi sita napimwa damu na picha ya ini, bado sijafika kumeza dawa. Na tunakula sinia moja. Nataka mjue nyinyi mnaofundishwa, yale maneno machache kuhusu kuzaliwa nayo ndio yalirudisha mzee wangu nyumbani, dawa ilikuwa bado hata haijatajwa.

KlinikoWaCCC
Mama nimeguswa. Niongeze upande wa dawa. Tenofovia ya homa ya ini B ndio ile ile iko ndani ya dawa za HIV, kwa hivyo kwetu wagonjwa wa B walikuwa wanatumwa kuichukua CCC, kliniki ya HIV, na mtu anaona hiyo benchi anageuka anaenda zake. Baada ya mafunzo tuliomba siku yao na chumba kingine, ni kitu kidogo lakini wanarudi. Vitu viwili nilikuwa nakosea kabla. Kwanza lazima umpime HIV kabla ya kumwanzishia tenofovia pekee yake, la sivyo unatengenezea HIV usugu. Pili asiikatize ghafla eti amepata nafuu, kirusi kinaweza kuamka na ini likaungua vibaya.

MhudumuKoro
CHP hapa, mhudumu wa afya wa mtaani, Korogocho. Kwetu shida ni jina. Ukisema homa ya ini mtu anasikia homa ya manjano, na hiyo ni ugonjwa mwingine wa mbu na ina chanjo yake. Wengine wanasema ni nyongo imepanda wanachemsha mizizi. Mafunzo yetu yalikuja na slaidi za Kiingereza tupu, nikainua mkono nikaomba yule daktari aseme kama anaongea na shosho wangu. Akajaribu, ikaingia: A na E zinapitia maji na chakula chenye uchafu, B na C zinapitia damu. Na E iangaliwe sana kwa mama mjamzito, inaua. Hiyo ndio naongea mlango kwa mlango.

TatuMoja
Mimi nitasema ukweli, mafunzo bila chanjo kwa friji yananivunja moyo. Tulifundishwa mtoto wa mama mwenye B adungwe ndani ya masaa 24, nikarudi wodi nikauliza hiyo dozi, haipo, baba akatumwa kununua nje usiku. Alirudi asubuhi nayo, tukadunga mtoto akiwa na masaa kumi na tisa tangu azaliwe. Sijui asingekuwa na pesa.

MkufunziWaAlhamisi
Swali la jinsi ya kufundisha, hapo ndio moyo wangu uko. Dakta Sanjeev Arora alikuwa Albuquerque, Marekani, anatibu homa ya ini C, na foleni ya kumuona ilikuwa miezi 8, watu wanaendesha masaa na masaa kumfikia. 2003 akaanza kuongea na makliniko wa mashambani na wa magereza kwa video kila wiki, wanaleta mgonjwa wao wa kweli bila jina, wanajadili pamoja. Matokeo yalichapishwa 2011, waliotibiwa huko mashambani walipona sawa na wale wa hospitali kubwa ya chuo, kama 58 kwa 100 pande zote, na hizo zilikuwa siku za sindano za interferoni zenye mateso. Leo C ni vidonge wiki 12 na wanaopona wanapita 95 kwa 100.

Mimi nafuata njia hiyo Alhamisi mchana na makliniko wachache wa Nairobi, kwa simu tu. Slaidi nimeacha. Juzi mmoja alileta stori ya kijana wa methadoni, dawa ya kusaidia kuacha heroini, mwenye C, alikuwa amemwambia aache kwanza madawa ndio atibiwe. Tuliongea na huyo kliniko nusu saa, hakuna haja ya kumngojesha. Wiki iliyofuata akasema ameanzisha.

ZamuYaUsiku
Mkufunzi, watu wa usafi wanaweza kuingia hiyo Alhamisi? Natoka zamu asubuhi, mchana niko macho.

MkufunziWaAlhamisi
Ingia. Njoo na hao wenzako watatu. Nitatafuta mtu wa kuongea sindano na taka, ama wewe ndio utuanzishie na hiyo stori ya mfuko mweusi kama uko sawa kuisema.

SistaWaLeba
Na dozi yako ya tatu ni lini?

ZamuYaUsiku
Ya kwanza ilikuwa Machi, ya pili Aprili. Ya tatu Septemba. Nimeandika nyuma ya kitambulisho cha kazi.