Mrejesho: Hatimaye nimeimaliza Bird Box

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita niliomba ushauri baada ya kukwama katikati ya Bird Box, riwaya ya kutisha ya Josh Malerman ya mwaka 2014 kuhusu viumbe ambao anayewaona hushikwa na wazimu, kwa kuwa kila nilipoisoma usiku usingizi uliniruka. Nawashukuru sana nyote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kusoma mchana pekee na wa kutoitazama kwanza filamu yake ya mwaka 2018, na yote mawili yalinisaidia.

Ushauri wa kusoma sura zote za mtoni kabla ya zile za nyumbani haukunifaa: mwandishi amezipishanisha kwa makusudi, na nilipozitenganisha nilipoteza hofu inayojengwa polepole mhusika mkuu, Malorie, anapopiga makasia akiwa amefunga macho, pamoja na watoto wawili wa miaka minne anaowaita Mvulana na Msichana tu. Ilinibidi nianze upya kwa mpangilio wa kitabu. Kwangu mimi, watoto hao kukosa majina kuliniumiza kuliko viumbe wenyewe, ambao hatuelezwi kamwe wanafananaje.

Woga wa usiku haujaniisha. Majani yakichakarika nje, bado nasita kufungua pazia.